Sauti ya Picha ya Magofu

Rafiki yangu aliletwa Guangzhou, China, kutibiwa koo, akafikia kwetu mtaa wa Sanyuanli kwa sababu mwanangu amepanga nyumba yenye chumba cha ziada. Nasema cha ziada, lakini kilikuwa kimejaa marobota ya nguo yanayongoja kupakiwa kwenye kontena. Tuliyapanga marobota ukutani hadi karibu na dari, tukaingiza godoro. Asubuhi ya kwanza alipoamka alipiga kofi moja, akasikiliza, kisha akacheka kwa ile sauti yake ambayo tayari ilikuwa imekauka.

"Shehe," akaniambia, "humu hamna mwangwi kabisa. Umenipa studio na wewe mwenyewe hujui."

Mimi si shehe. Nimesomesha watoto Kurani maisha yangu yote, kwanza Dar es Salaam na sasa hapa, ambako wafanyabiashara wenzake mwanangu huniletea watoto wao siku za mapumziko. Lakini yeye ameniita hivyo tangu ujana wetu wa mtaa mmoja, kwa utani, kwa kuwa mimi nilielekea madrasa na yeye akaelekea kwenye kibanda cha video.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri picha. Anayevikumbuka vibanda vile anajua: televisheni moja, mabenchi, joto, na pembeni mtu mwenye kipaza sauti akiwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, mwanamume na mwanamke, mtoto na jini. Rafiki yangu hakujua Kihindi wala Kichina, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Alitazama macho ya watu kwenye kioo, akatunga. Watu waliingia kwa ajili yake, picha ikawa kisingizio tu.

Picha iliyompatia sifa ilikuwa ya Waitaliano. Wataalamu wa mambo ya kale wanapanda kilima kuchimba magofu. Wanavunja ukuta, wanateremka kwenye chumba cha chini ambako amezikwa mwanamke wa zamani sana, na kijana mmoja miongoni mwao anachukua bangili ya dhahabu kutoka mkononi mwa yule maiti. Kuanzia hapo wanakufa mmoja baada ya mwingine, kwa namna ambazo mimi sikuweza kuzitazama. Mwishoni kijana anarudi peke yake, anairudisha bangili, kisha anajilaza juu ya jiwe.

Hapo ndipo rafiki yangu alipokuwa akikitikisa kibanda. "Rudisha!" watu walipiga kelele. Kijana akirudisha, yeye alishusha sauti na kusema kwa upole: "Amesamehewa. Amelala. Kesho atapanda basi arudi kwa mama yake." Wanaume wazima walipangusa machozi. Binti yake, mtoto wake pekee, alikuwa akiuza karanga mlangoni na akayajua maneno hayo kwa moyo kabla hajajua kusoma.

Sauti ile haikubaki popote. Kanda alizowahi kurekodi ziliota ukungu, zikatupwa. Ndiyo maana, alipoambiwa hospitalini kwamba kisanduku cha sauti cha kooni kitaondolewa chote, jambo la kwanza alilomwomba mjukuu wangu lilikuwa amtafutie picha ya magofu.

Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo kikuu hapa hapa, tena kwa Kichina, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu kwa daktari. Majibu ya vipimo tulipewa kwanza mimi na yeye, mgonjwa akiwa nje, kwa kuwa hapa, kama kwetu, habari nzito hupelekwa kwa wenye mgonjwa. Saratani ilikwisha kushuka mapafuni. Upasuaji ungemsaidia kupumua. Kumponya, hapana. Nilimpigia binti yake Dar es Salaam. Alilia sana, kisha akasema kwa sauti ya kuamrisha ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Baba mkubwa, asiambiwe. Akijua atakata tamaa afe kabla ya siku zake. Mwambieni akikatwa anapona."

Nilikubali. Niliona ni haki yake kuamua. Nikamwachia Mwenyezi Mungu mengine yote.

Ziara iliyofuata daktari alizungumza mbele yetu sote. Alizungumza kwa muda mrefu, akionyesha picha za eksirei kwa kalamu, hapa, na hapa, na hapa tena. Alipomaliza, mjukuu wangu akamgeukia mgonjwa. "Babu, anasema wakitoa utapumua vizuri. Utapona."

Rafiki yangu akamtazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu, hayo yote aliyosema ndiyo haya?"

"Mengine ni mambo ya kitaalamu, babu."

"Mimi nimekula mkate wa kazi hiyo. Mtu kwenye kioo akisema neno moja, mimi nasema kumi. Mtafsiri huongeza. Sijawahi kuona mtafsiri anayepunguza." Kisha akanyanyuka, akavaa kofia yake. "Haya, twendeni. Tukichelewa, mwenye nyumba wenu atatufungia lifti."

Njiani ndani ya treni hakuuliza kitu. Alikuwa akiyaiga matangazo ya vituo kwa lafudhi ya Kichina, akamchekesha mjukuu wangu, na mimi nikajidanganya kwamba maneno yale yalikuwa utani wake wa kila siku.

Basi ikaanza kazi ya kurekodi. Asubuhi mwanangu akishakwenda Zhanxi kwenye maduka ya jumla, nyumba hutulia. Tuliweka kompyuta ya mjukuu wangu juu ya robota moja na simu juu ya robota jingine, karibu na mdomo wake. Alikunywa maji ya uvuguvugu yenye asali, akasemea waigizaji dakika chache, akapumzika. Siku nyingine sauti ilikataa kutoka, na tulikaa tu tukitazama ukuta wa nguo. Alikuwa amejifunza neno moja la Kichina, lile ambalo wenye maduka hulitoa upesi kuliko yote. Nikimuuliza, "Leo vipi?" alinijibu, "Meiyou," hakuna, huku akijigusa kooni.

Mimi sikuifurahia kazi hiyo. Chumba kile ndicho nilichokuwa nikisomea nyiradi zangu, na sasa kulikuwa na maiti anayefumbua macho. Nilimwambia wazi kwamba wafu hawatoki makaburini kumfukuza mtu kwa sababu ya bangili, na kwamba hakuna dhara linalompata mja ila kwa idhini ya Mola wake.

"Najua, shehe. Hata mimi nimesoma madrasa kidogo, kabla hujanisemea kwa mwalimu."

"Sasa kwa nini sauti iliyobaki uitumie kwa hawa? Mrekodie binti yako. Muage. Msomee hata Fatiha tu, ataisikiliza maisha yake yote."

Alikunja ncha ya shuka.

"Nikimrekodia maneno ya kuaga ataniuliza, 'Baba, unaaga unakwenda wapi? Si umeambiwa unapona?' Nitamjibu nini? Mtoto amejitahidi kunificha. Niache na magofu yangu."

 Nilitoka nikaenda kutia udhu, na hata udhu siku hiyo nilihisi nautia kwa mikono ya mtu mwingine.

Tulikuwa tumebakiza sehemu ya mwisho tu wakati mjukuu wangu alipopata siku ya mapumziko akaja kuketi nasi. Siku nyingine alikuwa akituwashia kompyuta na kukimbilia darasani. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kichina ambayo sisi wawili tuliyaona kama mapambo. Yeye aliyasoma. Nikamwona anakunja uso.

"Babu, mbona hayo sivyo anavyosema?"

"Nani?"

"Huyu kijana. Wewe umesema anaomba msamaha. Yeye anasema anajua haitasaidia."

Rafiki yangu akasimamisha picha. "Kwa nini haitasaidia? Si anarudisha?"

Mjukuu wangu akairudisha picha nyuma, karibu na mwanzo, pale mzee wao wa elimu anapopangusa vumbi kwenye jiwe la mlangoni na kulisoma. Kibandani, hapo rafiki yangu alikuwa akimfanya mzee yule alalamikie mgongo wake na kuulizia chai, na watu wakicheka.

"Nisomee," akasema. "Polepole. Na usipunguze."

Mjukuu wangu alifuata maandishi kwa kidole. Akasoma: "Aliyeingia ameshaingia. Achukue au arudishe, hatatoka."

"Na mwishoni? Pale juu ya jiwe?"

"Amekufa, babu. Macho yako wazi. Wanaandika kwamba amekufa."

"Labda na huyo Mchina aliyeandika ameongeza yake," akasema, na sote watatu tukacheka kidogo. Kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kilimchukua muda mrefu. Kilipomwacha alikuwa anatokwa na jasho.

"Watu wangapi nimewapeleka nyumbani wakiwa na furaha," akasema. "Picha nzima ni ya mtu asiye na njia, na mimi nikamkatia tiketi ya basi."

"Hukumdhuru mtu," nilimwambia.

"Sikusema nimemdhuru mtu." Akamtazama mjukuu wangu, kisha akanitazama mimi, na akabaki akinitazama mimi. "Shehe, kuna maandishi mengine ambayo mimi siyaoni?"

Mjukuu wangu akaanza kulia. Alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nimetoa ahadi kwa binti yake.  Nimefundisha watoto wengi kwamba kusema kweli ni ibada na kwamba kutunza ahadi ni ibada, na katika vitabu nilivyosoma mambo hayo mawili hayakuwahi kunisimamia mlangoni pamoja namna ile. Nikatazama chini.

"Basi," akasema. "Basi, imetosha. Binti, futa machozi uniwashie simu."

Akarekodi sehemu ya mwisho kwa pumzi moja bila kupumzika. Sauti ilikuwa imepasuka. Maneno mengine yalitoka kama upepo tu. Kijana akashuka ngazi za magofu. Akaitoa bangili mfukoni, akaivisha kwenye mkono ule wa mifupa. Akajilaza. Rafiki yangu akaacha picha iende kidogo, macho ya kijana yakiwa yametazama juu, na kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa akiitumia kibandani akasema:

"Amerudisha. Na amekufa. Alikuwa anajua."

Akanionyesha kwa kidole nizime simu.

Jioni mjukuu wangu aliunganisha sauti na picha, akamtumia binti wa rafiki yangu kule Dar es Salaam. Picha ni ndefu, naye ana kazi na watoto. Alijibu kwamba ameipokea, kwamba ataitazama taratibu, na akaweka mioyo mingi myekundu.

Walimpasua siku chache baadaye. Nilishinda kwenye viti vya ukumbini nikisoma Yasini, na sitaki kusema kwamba nilipata utulivu, kwa sababu sikupata. Nilishukuru kwa yaliyopita, miaka yetu, vicheko, mwanangu mwenye nyumba ya kumpokea. Kuhusu yaliyokuwa yanakuja, ulimi wangu ulitamka shukrani na moyo ukabaki nyuma. Namwomba Mola anipokelee hivyo hivyo.

Alirudi kwetu akiwa na tundu kooni, na bandeji, na ukimya. Anapumua vizuri zaidi, kweli. Lakini amekonda, na chakula anakisogeza pembeni. Tunaswali pamoja, yeye akiwa ameketi. Ninapomaliza kuomba dua namwona midomo inasema amina, na ninaitikia kwa sauti kwa ajili yetu wawili.

Siku ile simu ilipolia tulikuwa tumetoka tu kuswali adhuhuri. Ilikuwa ni binti yake. Sikusikia salamu.

"Baba mkubwa, nimeimaliza picha."

"Alhamdulillahi."

"Baba siku zote husema amelala. Siku zote. Kesho atapanda basi. Nani amemwambia?"

"Hakuna aliyemwambia, mwanangu."

"Mliniahidi!"

"Hakuna aliyefungua mdomo. Naapa kwa Mungu."

"Sasa amejuaje?" Sauti yake ikapanda. "Amejuaje, baba mkubwa? Na kama anajua, hizi salamu zangu za kila siku, utapona baba, utarudi baba, alikuwa anazisoma akiwa anajua?"

Rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye godoro, ameegemea marobota. Alikuwa ameshaitambua sauti ya mwanawe ikivuja kutoka kwenye simu, ingawa maneno hayakumfikia. Akaniinulia kidevu: anasemaje?

Nikamwambia yote, neno kwa neno, nikimtazama usoni, bila kupunguza wala kuongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, nikampa simu, akaiweka sikioni. Hakuwa na sauti ya kumjibu. Kilichosikika ni pumzi tu, ikitoka kwenye lile tundu, ikiingia, ikitoka. Upande wa pili mwanawe aliacha kupiga kelele. Wakabaki hivyo, na mimi nikaondoka nikawaachia chumba.