Dorika agoma kusaini: ‘Siwezi kuikana asali’

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mpanda mjini. Dorika Lyamba anakaza kilemba, anaingia kwenye banda la kuchujia na kuinamisha ndoo ya kwanza ya asali juu ya kitambaa. Ijumaa waliambiwa asiyesaini asije Jumatatu. Leo ni Jumatatu, hajasaini, na amekuja.

“Kama ni kunifukuza, wanifukuze nikiwa kazini,” anasema bila kuinua macho. “Siwezi kujifukuza mwenyewe.”

Dorika, mama wa watoto wanne na mkazi wa Nsemulwa, ni mwajiriwa wa kampuni moja inayofungasha asali. Mwezi huu wafanyakazi waligawiwa mkataba mpya. Humo kuna kifungu kinachomnyima usingizi: atakayeacha kazi au kuachishwa, kwa miaka mitatu haruhusiwi “kujihusisha na asali kwa namna yoyote” ndani ya mkoa wa Katavi.

Kujihusisha! Neno hilo ndilo limemchefua. Aliyeliandika bila shaka aliwaza maduka na chupa zenye lebo. Kwao Dorika, Inyonga, humo humo mkoani Katavi, asali hutiwa kwenye uji wa mzazi, hupelekwa ukweni, na mama yake bado anatengeneza wanzuki, pombe ya asali, kila kukiwa na harusi. Baba yake alipofariki aliwaachia watoto mizinga porini, na kila msimu Dorika huomba likizo akarine na kaka zake.

Basi alimuuliza meneja mbele ya wenzake: “Nikimpelekea mkwe wangu kidumu cha asali, nimejihusisha?”

Watu walicheka. Meneja, ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini, alijibu kuwa kampuni inalinda siri zake za biashara.

“Siri zao za mashine na wateja nitazitunza, hata leo nasaini,” anasema Dorika. “Lakini mizinga ya baba yangu si siri yao.”

Nyumbani nako hakujatulia. Mumewe Anselmo, dereva wa bodaboda, anajua mshahara wa mkewe ndio unaolipa ada za shule. “Mama Telesphor, saini tu yaishe,” humwambia. “Nani atakufuata huko porini?”

Hapo ndipo Dorika huwaka. “Nikisaini, nimesema ndiyo. Sitaenda kwenye mizinga ya marehemu baba kwa kunyata kama mwizi.”

Wenzake karibu wote wamesaini. Hawalaumu. Anasema kila mtu anajua nyumbani kwake kukoje.

Saa mbili meneja anaingia bandani. Bila salamu, anaweka mkataba mezani, na kalamu juu yake. Dorika anajifuta mikono taratibu. Anayakata maneno “kujihusisha na asali kwa namna yoyote” kwa mstari mmoja, anaandika juu yake “kutoa siri za kampuni”, kisha anasaini.

“Hii haikubaliki, mama,” meneja anasema. “Lazima nimpigie mkurugenzi.”

“Mpigie, baba. Mimi nipo.”

Meneja anatoka na simu sikioni. Dorika anarudi kwenye ndoo yake na kusema hajutii. Wakimrudisha nyumbani, yeye na kaka zake watasajili kikundi chao Inyonga na kufungasha wenyewe.

“Lebo itaandikwa LYAMBA, herufi kubwa,” anasema. “Asali yetu tutaiuza hapa hapa Katavi, na chupa ya kwanza nitamletea meneja mwenyewe.”