Mfuniko wa Sufuria na Mguu wa Twiga

Mfuniko wa sufuria yangu kubwa umebonyea katikati, mvuke wote unatokea pembeni, na chakula hakiivi sawasawa. Aliyeubonyeza ni dada yangu, na kwa hilo sina neno naye. Neno ninalo na mwalimu mkuu wa shule yake, na kila nikiinjika sufuria hasira zinanipanda upya.

Dada ni mwalimu wa michezo. Wazazi wa wanafunzi walimbandika jina la Bi Taratibu, wala hawakumpa kwa mapenzi. Walitaka kocha wa kupuliza filimbi na kufoka, wakapewa mwanamke anayewaacha watoto waruke kamba, wakimbizane, warukeruke kwa mguu mmoja hadi waanguke kwa kicheko. Mwenye mbio fupi alimpeleka kwenye mbio ndefu, wa mbio ndefu akamrudisha kwenye mbio fupi. Alisema mwili wa mtoto haujaamua unataka kuwa nini, sasa sisi tuuamulie kwa haraka gani? Mzazi akiuliza mbona mwanawe haleti ushindi, alijibiwa, "Bado anakua." Basi. Watu walidhani ni uvivu.

Alikuwa na vituko viwili. Cha kwanza, watoto wakikimbia yeye hufumba macho. Wapita njia walidhani anasinzia kazini, kumbe anasikiliza miguu. Cha pili ni huo mfuniko wangu, alioupiga kwa mwiko badala ya filimbi. Kipigo kimoja, kimbieni. Vipigo viwili, acheni hapo hapo, hata kama umebakiza hatua moja ushinde. Anayejiongezea hatua anarudishwa kuruka na watoto wadogo. Nilimuuliza kwa nini anawafundisha kuacha wakati watu wote wanafundisha kufika. Akaniambia, "Kufika watafundishwa na kila mtu. Kuacha nani atawafundisha?"

Yeye mwenyewe hakufundishwa. Alipokuwa msichana alikimbizwa kila mbio iliyokuwepo, akashangiliwa na uwanja mzima. Leo akipanda ngazi anapanda upande upande, mkono ukutani, na wale walioshangilia sijawahi kumwona hata mmoja akija kumshika mkono.

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na minne, wenzake walimwita Twiga. Katika mwaka mmoja alirefuka hadi nikamshonea sketi ya shule mara mbili, na mimi ni fundi cherehani, najua mtoto anayekua nikimwona. Mbio zake zilikuwa tamu kuangalia. Wiki ya kuelekea mashindano ya shule, Dada alirudi nyumbani, akaketi bila kuvua viatu.

"Mguu wa kushoto wa Twiga unatua kwa kishindo," alisema. "Nimemuuliza kama unauma, kasema hapana, huku anaangalia chini."

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu nikimpima kwa ajili ya koti la kuvaa siku ya mashindano. Ndiyo, alijishonesha koti jipya la kupokelea kombe ambalo mtoto wa watu hajalikimbilia bado. Kabati la vioo lilikuwa nyuma yake, vikombe vimepangwa, na katikati ameacha nafasi. Dada akaingia.

"Mkuu, Twiga apigwe picha ya mguu kwanza."

"Atapigwa baada ya mashindano."

"Umempanga mbio tatu siku moja. Mifupa yake bado inarefuka."

"Mwalimu, watoto hawachoki."

"Wanachoka kama wewe, ila hawajui kukukatalia."

Mkuu akacheka, tumbo likatikisika ndani ya utepe wangu wa kupimia. "Yaani wewe unasikia mguu mbovu kwa masikio? Hata daktari ana mashine!"

"Ndiyo hiyo mashine ninayoiomba," alisema Dada.

Nilitamani kumchoma mkuu pini. Jioni ile Dada alimfuata baba yake Twiga, dereva wa lori, akampata uvunguni mwa gari lake. Alijibiwa kutoka huko huko uvunguni kwamba mwalimu mkuu ameshasema mtoto yuko sawa, na kwamba watu wa shule kubwa ya bweni watakuja kuchagua wakimbiaji. "Usimzibie mwanangu riziki, Bi Taratibu." Hata uso hakuutoa. Kufikia asubuhi timu ilikuwa imepewa kijana mmoja mwenye filimbi, na Dada akaamriwa kwenda kuhesabu madawati mabovu stoo. Mwalimu wa michezo, siku ya michezo, stoo!

Siku yenyewe nilikuwa jikoni alipoingia anahema. Hakunisalimu. Alichukua mfuniko juu ya sufuria inayochemka, kwa pindo la kanga, akaninyang'anya na mwiko mkononi.

"Wee! Dada! Chakula changu!"

"Keshakimbizwa mbio mbili," alisema, tayari yuko mlangoni. "Ya tatu inaanza sasa hivi."

Nilizima jiko nikamfuata. Mlinzi wa uwanja alikuwa amepewa jina lake asimruhusu kuingia, akatuomba radhi macho chini. Tukazunguka hadi kwenye uzio wa waya, kwenye kona ya mwisho. Twiga alikuwa mbele ya wote, mzunguko wa mwisho. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, baba yake anapunga kofia, mkuu ndani ya koti nililomshonea kwa mikono yangu. Mimi, nisiyejua lolote la mbio, niliona uso wa yule mtoto. Alikuwa analia huku anakimbia. Macho yote yale, na hakuna aliyeliona hilo, au waliliona wakadhani ni jasho.

Dada hakufumba macho. Aliinua mfuniko, akasita. Nilijua anachowaza, maana akiugonga kazi yake shuleni imekwisha. Kisha akagonga, mara mbili, kwa nguvu zote, mwiko ukakatika.

Twiga akaacha. Mstari wa mwisho ulikuwa pale, ungeweza kuutemea mate. Akatembea kwa kuchechemea hadi kwenye nyasi, akaketi, akaushika mguu kwa mikono miwili. Wenzake wakampita mmoja mmoja.

Matusi tuliyotukanwa siku ile siyaandiki. Dada alimpeleka binti hospitali kwa teksi, na picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa chini ya goti. Daktari alisema angeendelea hivyo, ungekatika kabisa. Dada akapeleka picha ile ofisini. Mkuu aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akamrudishia.

"Lakini haukukatika," alisema.

Ndiyo neno linalonichoma hadi leo. Ungekatika, angesema ni ajali. Kwa kuwa haukukatika, Dada ndiye aliyeikosesha shule kombe. Aliachishwa kazi kabla mtoto hajatolewa bandeji, na kwenye ile nafasi kabatini wameweka kikombe cha kuimba kwaya.

Sasa anafundisha kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba yetu, watoto wachache, mfuniko wangu na mwiko mpya. Mguu ulipopona, Twiga alikuja mwenyewe. Dada alimpanga mstari wa watoto wadogo, wanaomfika kiunoni, kuruka kwa mguu mmoja mmoja. Alikubali bila kununa.

Juzi baba yake akaja. Alisimama penye uzio akiminya kofia, akawatazama muda mrefu. Samahani hakusema, nami nilikuwa dirishani nikiisubiri.

"Kocha," aliita hatimaye, "huyu atashindana lini?"

Dada alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Aligonga mfuniko mara mbili. Twiga akaganda hapo hapo, mguu mmoja juu, akamgeukia baba yake.

"Baba, mimi bado mtoto," alisema.

Kisha akasubiri kipigo kimoja, aendelee kuruka.