Taa Nyuma ya Televisheni ya Salongo

Shemeji yangu Mugalula ameua watu wengi kuliko kipindupindu, na hajawahi hata kumpiga mbuzi kofi. Anawaua kwa mdomo. Kazi yake ni kukaa kwenye banda la video hapa Nyendo, Masaka, kipaza sauti mkononi, filamu ya Kichina au ya Kimarekani ikienda mbele yake, naye anaigeuza papo hapo iwe Kiganda. Jambazi akianguka, Mugalula ndiye anayemzika. Yule anayekimbiza pikipiki anakuwa Kayiwa, mtoto wa muuza mkaa wa Kijjabwemi, na mwanamke mwenye bastola anakuwa binti wa mchungaji, yule aliyekataa kupika. Watu hucheka mpaka mabenchi yanalia.

Tunamwita Salongo kwa kuwa ni baba wa mapacha. Mapacha hao kawazaa na dada yangu, kwa hiyo mjomba wao ni mimi, na siku dada alipoposwa, jogoo aletwaye kwa ajili ya kaka wa bibi harusi nilimla mimi, peke yangu, na mifupa nikaivunja. Aliyekula jogoo yule hawezi kukaa pembeni shemeji akipatwa na shida. Nasema mapema ili msije mkaniuliza nilijitia kwa nini.

Kiingereza chake? Alifika darasa la sita. Mimi nilifika la tano, lakini nilikaa humo miaka miwili, kwa hiyo kwa hesabu ya haki tuko sawa. Na wala hahitaji kuelewa kila neno. Anatazama midomo, anatazama mkono unaokwenda mfukoni. "Shemeji," aliwahi kuniambia, "Mzungu akidanganya, nyusi zake zinamsuta." Kumbe masikio si kitu kwake. Anakula kwa macho.

Na macho ndiyo yaliyoanza kumgomea.

Miaka kumi na mbili, filamu tatu kila siku, hatua moja kutoka kwenye televisheni, ndani ya banda ambalo mwenye mali, Mama Nakabugo, alilizungushia kitambaa cheusi kutoka chini hadi darini ili picha ing'ae. Nje jua, ndani kaburi. Ikifika filamu ya tatu machozi yanamtiririka, kichwa kinamgonga, anatoka akishika ukuta kama mlevi. Mwanzoni tulimtania kwamba analilia marehemu wake. Halafu mwezi wa kumi ikaja filamu ya ndugu wawili, mmoja mwema na mmoja shetani, na wote makoti yao ni mamoja. Salongo akawachanganya. Akamzika mwema, akamsifu shetani nusu saa nzima.

"Salongo! Huyo si alikufa?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Amefufuka," akajibu bila kusita.

"Kwa mganga yupi? Tupe namba yake, mama mkwe wangu yuko kitandani!"

Siku hiyo walicheka. Kesho yake alikosea tena, kicheko kikawa kifupi. Wiki iliyofuata mabenchi ya nyuma yalianza kuhamia banda la jirani, na Mama Nakabugo akamwita mlangoni, penye jiko lake la chapati.

"Salongo, mdomo wako naupenda. Lakini mdomo bila macho ni redio, na redio wanazo majumbani. Jumamosi anakuja Serwada wa Kyotera, mfasiri kama wewe. Atakaa pembeni yako. Ukimzika mtu aliye hai, kiti ni chake."

"Sawa, nyabo," akasema, kwa adabu ya kumwita bibi, kama mtu anayeambiwa bei ya vitunguu.

Dada yangu, ambaye kwa ajili ya mapacha wale wale tunamwita Nalongo, hakungoja. Alhamisi akampeleka kliniki ya macho. Nesi akayapima, akasema macho ni mazima, miwani haihitajiki, ugonjwa uko bandani. Televisheni inawaka kama moto na pembeni yake giza totoro, kwa hiyo jicho linajibana kwa picha, linajipanua kwa giza, siku nzima, kama mtu apandaye na kushuka ngazi na gunia kichwani. Asogeze kiti nyuma kidogo, na aweke taa nyuma ya televisheni, imulike ukuta. Ijumaa asubuhi Salongo akaja kunisimulia. Kulikuwa na maneno mengine, ila mimi niliposikia "taa nyuma ya televisheni" nilikuwa nimeshiba.

Maana kwa habari ya taa, Masaka hii, nani wa kunifundisha? Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu wa senene, wale panzi watamu wanaofuata mwanga, kila mwenye mabati mawili na pipa yuko mlimani anatega. Mtego wangu una balbu ambayo ikiwashwa, majogoo wa jirani wanawika.

"Shemeji, nenda kapumzike," nikamwambia. "Hili lina mwenyewe."

Jioni ile, kabla ya filamu ya tatu, nikafunga balbu yangu nyuma ya televisheni, na nyuma ya balbu nikasimamisha bati jipya, nimelikunja vile tunavyokunja mlimani ili hata mwali mmoja usipotee.

Salongo akalitazama. "Shemeji, nesi alisema taa ndo—"

"Nesi amewahi kutega senene?"

Akasogea kunipisha. Kaka wa mke haheshimiwi kwa sababu ana akili, anaheshimiwa tu.

Saa moja, giza likiingia, nikawasha.

Nitasema kweli: kulikucha. Watu wakafunika nyuso. Televisheni ikawa sanduku jeusi lenye jua linalochomoza nyuma yake. Risasi tulizisikia, ila nani kampiga nani, Mungu ajuaye.

"Lutaaya, unatubanika!"

"Zima, mzee!"

Ningezima, lakini nilikuwa nimezunguka mbele kuona kazi yangu, swichi imebaki upande wa pili, na mimi mwenyewe nilikuwa kipofu. Ndipo wakaja. Ukuta wa banda haukutani na paa, kuna pengo la kiganja ambalo kitambaa kinalifunika tu bila kuliziba, na senene hawakati tiketi. Mmoja, kumi, halafu mvua. Wanagonga bati, wanaporomoka sakafuni, kazi safi kabisa, mlimani ningejipongeza. Hakuna aliyetazama filamu tena. Wanaume walivua kofia kukinga, wanawake wakakunjua khanga, mmoja akavua kiatu.

Sasa mjue kwamba Salongo ni wa ukoo wa Senene. Kwao senene haliwi wala hadhuriwi, ni jamaa. Alipanda juu ya kiti, macho kayafumba, machozi yanamtoka, kipaza sauti mkononi:

"Jamani, msiwakanyage! Hao ni wazee wangu! Yule wa kijani ni babu mzaa baba!"

"Babu yako kanona, Salongo!"

"Mwache huyo, ndiye mrithi! Tazameni, jenerali ameshuka na jeshi lake, amegonga bati, anashika kichwa, anauliza: jamani, hapa ndipo Nyendo, au nimepotea njia?"

Akaendelea hivyo, bila picha, bila kuona, mpaka watu wakashika mbavu. Mama Nakabugo akaingia na kung'oa waya. Yeye hakucheka, akaniita bwana kwa ukali.

"Sebo Lutaaya, banda langu ni mtego?"

"Nyabo, nesi alisema—"

"Nesi wa nani? Wa senene?" Akamgeukia Salongo. "Jumamosi ni kesho. Serwada yuko njiani."

Nyumbani dada hakuitikia salamu yangu. Alitoa karatasi ya daftari. Kumbe kule kliniki aliandika.

"Kaka, soma. Au darasa la tano mlikuwa hamjafika herufi hizi?"

Nikasoma. Taa ndogo. Nyeupe, isiwe ya rangi wala ya kumetameta. Yenyewe isionekane, imulike ukuta tu. Ukuta uwe mweupe.

Ndogo! Nusu ukurasa wa maarifa, na mimi nilikuwa nimeondoka na maneno manne.

Jumamosi asubuhi tukaenda watatu. Mama Nakabugo hakutaka kusikia habari ya kitambaa chake. "Wanafuata giza," alisema. "Mwanga wanao makwao." Nalongo akapiga magoti kumsalimu kama ipasavyo, na salamu zilipokwisha hakunyanyuka.

"Nyabo, si ukuta wote. Kipande cha ukubwa wa mkeka mmoja tu, nyuma ya televisheni. Leo tu."

Mama wa mapacha kwetu ana heshima yake; akikupigia magoti kwa muda mrefu vile, huwezi kumkatalia. Mama Nakabugo akaleta mkasi mwenyewe. Chokaa nikapaka mimi, maana ilibidi mtu aadhibiwe. Dada akaleta balbu ya ukumbini kwake, ndogo kuliko zote, akaiweka ndani ya nusu kopo, mdomo wa kopo ukielekea ukutani. Kiti tukakirudisha hatua mbili. Televisheni ilipowaka, pembezoni mwake kukawa na weupe mwembamba, kama mwezi nyuma ya wingu.

"Hii haikamati hata mbu," nikasema.

"Ndiyo maana," akajibu Nalongo.

Serwada alifika amevaa shati la pasi, kipaza sauti chake kimefungwa kwenye leso. Akakaa. Filamu ya kwanza ikapita salama. Ya pili, Salongo alifuta macho mara moja, nilihesabu. Ya tatu Mama Nakabugo akaweka makusudi ile ya ndugu wawili. Banda zima likajua, likainama mbele.

Ikafika mvua, moshi, makoti mawili yamepeana mgongo. Mlio mmoja. Mtu akaanguka kifudifudi. Salongo akakaza macho. Dada alinifinya mkono hadi leo nina alama.

"Msilie," Salongo akasema polepole. "Huyu ni yule shetani. Tazameni sikio la kushoto, limepasuka, mkewe alimng'ata Krismasi. Mwema ni huyu aliyesimama. Na hatetemeki kwa baridi. Anawaza atamwambia nini mama yao."

Banda likalipuka. Serwada akamwinamia. "Sikio umeliona kutoka hapa?"

"Si lile pale, ndugu yangu?"

Mama Nakabugo alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. Akamwita Serwada.

"Sebo, njoo ule chapati kabla hujapanda gari. Kyotera ni mbali."

Akarudi jikoni kwake. Kiti kikabaki cha Salongo. Naye alikunja waya wa kipaza sauti taratibu, akakiweka kiti sawa, akatoka nje bila kushika ukuta. Dada yangu akamtazama usoni, jicho moja, halafu la pili.

"Kichwa?"

"Kipo."

"Kinauma?"

"Kidogo," akasema Salongo, akisikiliza ndani ya kichwa chake. "Lakini hii nadhani ni njaa."