Masikio ya Qu Guizhen

Qu Guizhen alikata barafu ya Mto Songhua kwa majira ya baridi thelathini, na kilichomtoa mtoni ni magoti, si uvivu. Ukimwita kikongwe atakujibu kwa maneno ambayo mimi siyaandiki.

Asubuhi hiyo alisimama nyuma ya kamba kwenye bustani ya sanamu za barafu ya Harbin, anamumunya pea lililoganda, anamtazama bintiye Qiaoyun akichonga ndege korongo wa barafu. Walikuwa hawasemeshani tangu Qiaoyun aache kazi ya benki. "Nimevunja mgongo ili wewe usiishike barafu, nawe unaikimbilia!" Guizhen alikuwa amemwambia. Majaji wangepita saa sita. Korongo akiwapendeza, Qiaoyun ataajiriwa na wachongaji wa bustani. Asipowapendeza, atarudi benki kuomba radhi. Na Guizhen, tusidanganyane, alikuja kumwona akishindwa.

Lakini patasi ilipogonga shingo ya korongo, Guizhen alitega sikio. Barafu nzima hulia ikigongwa. Hii ilikohoa.

"We Qiaoyun! Shingo ina ufa!"

"Mama, usinianze mbele za watu. Inang'aa kama kioo, ufa uko wapi?"

"Nani kakwambia utazame? Sikiliza!"

"Bibi, waache wafanye kazi," mlinzi akasema.

"Bibi yako yuko kwenu!"

Watu wakacheka. Qiaoyun hakucheka. Utotoni alikuwa akikaa juu ya sleji ya kuburutia barafu pale mtoni, mama anagonga mapande, yeye anabahatisha: zima, bovu, zima. Akavua kofia ya manyoya katika baridi ile ya kukata masikio, akagonga kifua cha korongo. Ting! Akagonga shingo. Dup. Uso ukamshuka.

"Nimekwisha, Mama. Zimebaki saa mbili."

"Umekwisha nini? Kwani korongo hawalali?"

Qiaoyun akamkodolea macho, kisha akaishika nyundo. Shingo yote ikaenda chini. Akaanza upya, kichwa akikichimbua ubavuni, kimejificha chini ya bawa. Guizhen hakubanduka, miguu imekufa ganzi, anaomba kimoyomoyo kila patasi ishuke salama. Majaji walikuja, wakamzunguka yule korongo aliyelala, wakamzunguka tena.

Walipomaliza, Qiaoyun alikuja kwenye kamba, masikio mekundu.

"Vaa kofia, mjinga we!"

"Kesho wachongaji wananipeleka mtoni kuchagua barafu ya msimu. Twende wote."

Guizhen akatazama pembeni, machozi yanamlengalenga. "Na magoti haya?"

"Magoti yaache nyumbani, Mama. Mimi nataka masikio."