Mbuzi wa Chifu wa Amerika

Mama Mukandori amefukuzwa shambani Masisi mara tatu, eti pua yake ni ya wageni, ingawa kila mara alimpelekea chifu mbuzi wa kupokelewa, ili aruhusiwe kukaa. Sasa yuko kambi ya wakimbizi ya Lushebere, anangoja kumfuata mwanawe Tuyizere Amerika.

Juzi nilikuwa ninamjazia Mama fomu ya safari, Tuyizere akapiga simu: hapati nyumba.

“Peleka mbuzi kwa chifu wa mtaa!” Mama akamwambia.

“Mama, huku hakuna chifu. Zamani waliandika kabisa kwenye karatasi za nyumba: mweusi asiuziwe. Sheria ile ilikufa, lakini wakiniona tu, chumba kimejaa.”

Nikatania: “Kumbe Masisi iko na tawi Amerika!”

Mama hakucheka. Alininyang'anya ile fomu, akaichana.

“Acha, mutoto wangu. Hapa angalau mwenye kunifukuza, ninaelewa matusi yake.”