Pakiti ya chai ya Kichina ilivyotaka kunirudisha kwetu Kimuli

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninachoandika kimetokea sebuleni kwangu hapa Kanoni, na walioshuhudia wote wapo hai. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Ni mimi yule niliyeweka humu picha ya punje za kijani nikauliza ni kitu gani. Mlinicheka weee. Mmoja akasema dawa ya kushusha kitambi, mwingine akasema mbolea. Leo naleta mrejesho.

Nilikuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wanajenga barabara. Kambi ilipofungwa, fundi wao mmoja mzee, aliyezipenda sana ndizi zangu, akanipa pakiti ngumu yenye maandishi ya Kichina matupu. Kiswahili chake kiliishia kwenye kuomba chumvi. Akanionyesha ishara ya kunywa, akapanda gari, huyoo.

Ndani kulikuwa na punje zilizojikunja, ngumu, kijani iliyokolea.

Nikahisi ni majani ya chai, nikapika ninavyojua mimi: maziwa, tangawizi, sukari, ikatokota vizuri. Wakuu, ilitoka uji wa majani ya ng'ombe. Nikamwaga.

Ndipo nikaja kuuliza humu. Mkuu mmoja tu alinijibu kwa akili: "Hiyo inaweza kuwa oolong, chai iliyo katikati ya ile ya kijani na hii nyeusi yetu. Tia punje chache kwenye glasi, maji ya moto peke yake. Jani likifunguka, ukaona katikati kijani na pembeni wekundu, ndiyo yenyewe."

Jumapili nikaweka punje kwenye kisahani mezani ili nijaribu. Mara hodi! Mama mkwe na wifi yangu, wanatoka kanisani. Nikawakaribisha, nikaenda jikoni kuangalia maji.

Kwa msiojua, huku kwetu mgeni akifika anapewa amwani, yaani kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Anatafuna huku mnaongea. Mama mkwe akaona kisahani kimeshawekwa, akajua ndiyo mapokezi. Akatupia mdomoni.

Zikamvimbia, chungu, akatema mkononi.

Narudi, namkuta wifi kaishika ile pakiti. "Haya maandishi gani? Mama, umelishwa! Kumbe ndilo limbwata analompa kaka!"

Akamgeukia mume wangu, aliyetoka chumbani aliposikia kelele. "Kesho arudi kwao Kimuli. Wazee watakaa kikao."

Mume wangu akatazama sakafu. Wifi nilishamzoea, ila ule ukimya wa mume wangu uliniuma sana.

Wote walisubiri nipige magoti. Hapo hapo nikaamua sipigi. Nipige magoti kwa kosa gani? Kwa kupewa zawadi?

Nikaleta chupa ya maji ya moto na glasi za wageni.

"Mama," nikasema, "pombe ya rubisi ikiletwa mbele ya wageni, nani anaonja kwanza?"

"Mwenyeji."

"Basi nitazameni."

Nikatia punje kwenye glasi zote, nikamimina. Zikazama, zikaanza kufunguka taratibu, jani zima na kikonyo chake. Katikati kijani, pembeni wekundu. Mkuu uliyenijibu, popote ulipo, ubarikiwe.

Maji yakawa na rangi ya asali nyepesi. Nikanywa mbele ya macho yao. Mara ya kwanza nilidhani ni maji matupu. Halafu ikaja harufu ya maua ya kahawa, shamba linapochanua baada ya mvua. Sukari hakuna, lakini kooni ulibaki utamu. Nikamaliza yote, nikaigeuza glasi juu chini mezani.

Mama mkwe akachota jani kwenye glasi nyingine, akalitandaza kiganjani, akaligeuza huku na huku. Mama huyu kazeekea kwenye mibuni.

"Mbona ni jani tu? Nipe."

"Mama, usinywe!" wifi akapiga kelele.

"Kavu nimelitafuna sikufa. Hili la maji litanifanya nini?"

Akanywa. Akalamba midomo, akanywa tena. Kisha akamwambia mwanawe, "Na wewe inua uso. Huyu ni mkeo. Kunywa."

Akanywa.

Wifi alipopewa glasi alisema kichwa kinamuuma.

Nilichojifunza: ukijua huna kosa, usiombe msamaha ili mradi watu watulie. Ukiomba mara moja, umeshakubali kwamba wewe ni mchawi, na jina hilo litakufuata mpaka kwa wajukuu.

Najua wapo watakaosema ningeitupa ile pakiti kwa ajili ya amani ya ndoa. Njooni kwenye komenti mnieleze hiyo ni amani ya nani. Na wajuzi wa chai, niambieni majani yale yale naweza kuyatilia maji mara ngapi, maana mama mkwe sasa anakuja hata siku zisizo za kanisa.

Kimuli sijarudi. Pakiti ipo juu ya kabati la sebuleni, maandishi nimeyaelekeza mlangoni, kila anayeingia ayaone.

Wifi akija nampa amwani, kama mgeni yeyote. Chai ataomba kwa mdomo wake mwenyewe.