Mikono ya Mzee Abdulmohsin

Wahenga walisema mkaidi hafaidi hata siku ya Idi. Hawakumjua Mzee Abdulmohsin wa Al-Naseem, Riyadh, ambaye amefaidi Idi kwa miaka sabini na minane na bado kila asubuhi huamka akibishana. Truphena, mshonaji kutoka Vihiga, anamtunza kwa mwaka wa sita sasa, na anampenda na ubishi wake wote.

Ubishi wa mwaka huu ulihusu bunduki. Tangu ujanani mzee alikwenda klabuni kulenga shabaha, na tangu afiwe na mkewe, hicho ndicho kitu pekee kilichomtoa kitandani. Sasa mikono ilimtetemeka. Klabu ikamtaka afanye mtihani: apige risasi tano, nne ziingie kwenye duara jeusi. Mwanawe Nawaf, anayeishi Al-Safa kule Jeddah, akapiga simu na sharti lake.

"Ukishindwa, Baba, halas. Bunduki tunauza, nyumba tunafunga, unakuja kukaa nami."

Mzee akakata simu, akakataa chakula siku nzima. Truphena aliingiwa na hofu. Alijua mzee huyu aking'olewa nyumbani kwake atanyauka, na Jeddah hakutakuwa na wa kubishana naye.

Kesho yake akamkuta kwenye meza ya kulia, ameikumbatia bunduki tupu kwa nguvu zake zote, mtutu ukicheza huku na huko.

"Baba, mbona unaikaba hivyo? Ni jogoo wa Krismasi, anataka kutoroka?"

"Wewe unajua nini, mwanamke wa sindano?"

"Najua sindano. Macho yangu mabovu, na uzi bado naupitisha. Viwiko mezani, pumzi itoke polepole, na ikibaki kidogo hivi, hapo ndipo napitisha. Nikibana pumzi, mkono unacheza."

Mzee akanuna, lakini alisikia. Truphena akashona mifuko miwili kwa suruali kuukuu ya jinzi. Mara ya kwanza akaijaza mchele wa basmati, maana ndio uliokuwepo. Ikawa myepesi, bunduki ikateleza, na mzee akamwuliza kama anapika biriani. Basi akachunga mchanga kwa chekeche la unga, akaijaza mpaka ikawa mizito. Mfuko mmoja ukakaa chini ya mtutu, wa pili chini ya kitako cha bunduki. Bunduki ikabebwa na mifuko, na kazi ya mzee ikabaki kuminya ule wa nyuma kidogo kidogo kuipandisha au kuishusha.

Kila siku baada ya swala ya alasiri walifanya mazoezi bila risasi. Truphena aliweka kifungo cha shati juu ya mtutu. Kikianguka mzee anapofyatua, wanarudia. Miezi miwili kifungo kilianguka. Wa tatu kikaanza kukaa.

Siku ya mtihani Nawaf alishuka na ndege ya asubuhi, tiketi mbili za kurudi Jeddah ziko kwenye simu yake. Mzee akaketi mezani, akapanga mifuko yake, maana klabu haikuikataza. Risasi ya kwanza ndani, ya pili ndani, ya tatu ndani. Ya nne ikatoka nje. Ikabaki moja, na mabega ya mzee yakaanza kutetemeka. Akaondoa kidole, akainua kichwa, akaanza upya kulenga. Dakika ikapita.

"Yalla, Baba," Nawaf akaita, "watu wanangoja."

Truphena, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumpazia sauti mwajiri, akajikuta akifoka: "Mwache apumue, bosi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee, masikio yamezibwa, alisikia kelele tu, si maneno; alitoa pumzi, akatulia, akafyatua. Msimamizi akachungulia kwenye darubini yake kwa muda ambao Truphena aliuona mrefu kuliko miaka yote sita.

"Nne," akasema. "Amepita."

Mzee akavua vizibo vya masikio. "Nani alikuwa anapiga kelele?"

Nawaf alikuwa analia waziwazi. "Ni mimi, Baba. Nilikuwa nakuharakisha. Nisamehe."

"Daima una haraka wewe." Mzee akasogea, akapigapiga nafasi iliyobaki kwenye benchi. "Kaa hapa nikufundishe. Viwiko mezani."

Nawaf akakaa. Truphena akageukia upande wa pili, akalia kwa raha zake.